Wauaji na watu wa heshima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu za zamani za jinai za Ufaransa

Maswali haya hutoka kwa watazamaji wapya, hasa waliokulia kwenye picha za Marekani na wakashangaa kukuta muuaji analala usingizi mnono huku jirani yake mcha Mungu ndiye anayetia kinyaa. Tumejifunga kwenye filamu za kuanzia mwaka 1931 hadi katikati ya miaka ya 1970. Tahadhari: tunasimulia miisho. Filamu moja tu tumeiachia siri yake, na sababu utaiona.

Mbona mara nyingi tunamjua muuaji mapema?

Kwa sababu "nani kaua?" si swali linalowanyima usingizi waongozaji hawa. Wanataka kuona kinachofuata: mke atasema nini, jirani atafanya nini, mkubwa wa polisi atalifunga faili lini.

Tazama La Chienne ya Jean Renoir (1931). Legrand, karani wa fedha anayesimangwa na mkewe nyumbani na kuchekwa na wenzake kazini, anamuua hawara wake Lulu. Anayekamatwa ni Dédé, kuwadi wa Lulu. Dédé ni mjeuri, mvivu, mpenda makuu, na mahakama ikimtazama tu inaona muuaji. Legrand ana sura ya mnyonge asiyeweza kuua hata nzi, basi hakuna anayemshuku. Dédé anakatwa kichwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Filamu hiyo inafunguliwa na vikaragosi jukwaani, na kimoja kinatuambia kwamba mchezo huu hauna funzo lolote. Usikiamini sana.

Filamu hizi husifiwa kwa kufichua unafiki. Ni unafiki upi hasa?

Ni ule wa kufunika kombe mwanaharamu apite. Katika filamu hizi jinai yenyewe hutokea kwa dakika chache. Muda wote unaobaki ni wa kufunika. Na wanaofunika si wahalifu wa mitaani. Ni daktari, meya, mkurugenzi wa kampuni, mama wa nyumba yenye bustani na mtumishi.

Bingwa wa jambo hili ni Claude Chabrol (1930–2010), mtoto wa mfamasia, ambaye aliwajua watu wa tabaka lake na chakula chao. Ukitazama filamu zake utaona watu wanakula kila mara. Meza imeandaliwa vizuri, mvinyo umechaguliwa, watoto wamekaa wima, na chini ya mazungumzo hayo ya adabu kuna maiti.

Katika La Femme infidèle (1969), Charles (Michel Bouquet), mume mwenye nyumba nzuri karibu na Versailles, anagundua kwamba mkewe Hélène ana mwanamume mwingine mjini Paris. Anakwenda kumwona huyo bwana, wanakunywa pamoja kistaarabu, kisha anamuua na kusafisha sakafu kwa utulivu wa ajabu. Polisi wanakuja nyumbani kuuliza maswali, na mume na mke wote wawili wanadanganya, kila mmoja kwa sababu zake. Siku moja Hélène anakuta picha ya marehemu kwenye koti la mumewe. Hapigi kelele wala haiti polisi. Anaichoma moto. Tangu hapo anamtazama mumewe kwa mapenzi ambayo hatukuyaona mwanzoni. Ndoa imepona kwa damu ya mtu, na Chabrol hasemi neno la kulaani; anatuacha tuone jinsi nyumba ilivyopendeza.

Juste avant la nuit (1971) inakwenda mbali zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo kali kuliko zote. Muuaji, aliyeigizwa tena na Michel Bouquet, amemnyonga mke wa rafiki yake. Roho inamsuta. Anamwambia mkewe, mkewe anamsamehe. Anamwambia rafiki yake, mume wa marehemu; naye anamsamehe. Yeye anataka kuadhibiwa, na kila anayempenda anamwambia ya nini kuharibu maisha ya familia nzima. Anaposhikilia kwamba kesho atakwenda kujisalimisha, mkewe anampa dawa ya usingizi iliyozidi kipimo. Mtu anauawa kwa sababu amekataa kunyamaza.

Je, serikali iliwahi kuziogopa filamu hizi?

Ndiyo, na mara kadhaa. Le Jour se lève ya Marcel Carné (1939), ambamo Jean Gabin ni mfanyakazi wa kiwanda aliyejifungia chumbani baada ya kuua, ilipigwa marufuku vita vilipoanza kwa madai kwamba inavunja watu moyo. Les Noces rouges ya Chabrol ilicheleweshwa mwaka 1973 hadi uchaguzi wa bunge wa mwezi Machi ulipopita. Ilitokana na kisa cha kweli cha Bourganeuf, mji mdogo wa katikati ya Ufaransa, na sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa kesi hiyo. Lakini ndani ya filamu kuna meya na mbunge anayegundua kwamba mkewe anatembea na msaidizi wake, na badala ya kukasirika anafurahi, maana sasa msaidizi huyo hawezi kukataa kumsaidia katika biashara yake chafu ya ardhi. Mtu yeyote aliyeishi mji mdogo wakati wa uchaguzi ataelewa kwa nini wakubwa walipenda watu waitazame baadaye.

Mwisho wake ni wa kucheka na kulia. Wapenzi hao wawili wameshaua watu wawili. Wanapokamatwa wanaulizwa kwa nini hawakuondoka tu mjini wakaishi pamoja kwingine. Wanajibu kwamba hawakuwahi kulifikiria hilo. Kuua kulikuja akilini kwanza. Kuiacha nafasi yao katika mji hakukuja kabisa.

Le Corbeau ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni filamu ya Henri-Georges Clouzot ya mwaka 1943, na ukitaka kutazama moja tu katika orodha hii yote, iwe hiyo.

Katika mji mdogo uitwao Saint-Robin, barua zisizo na jina zinaanza kumiminika, zikiwa na sahihi ya "Kunguru". Za kwanza zinamchafua Daktari Germain: kwamba anatoa mimba, kwamba anatembea na mke wa daktari mwenzake. Kisha zinamgeukia kila mtu, na kila barua ina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana inauma. Mgonjwa hospitalini anaandikiwa kwamba ugonjwa wake hauna tiba, na anajiua kwa wembe. Kwenye mazishi yake barua nyingine inaanguka kutoka kwenye gari la maiti. Nyingine inaelea taratibu kutoka juu kanisani wakati wa ibada, huku waumini wakiitazama inavyoshuka. Umati unamwandama muuguzi mmoja asiyependwa, unavunja vioo vya nyumba yake, na siye.

Kila mwenye cheo mjini ana jambo la kuficha, na kila mmoja analitaka jambo la mwenzake lifichuliwe. Katika onyesho linalokumbukwa zaidi, Daktari Vorzet, mzee mcheshi mwenye busara nyingi, anaisukuma taa inayoning'inia dari ili mwanga na giza vipishane nyuso zao, na kumuuliza Germain mpaka kati ya wema na uovu uko wapi. Germain anajibu kwamba inatosha kuisimamisha taa. Anainyooshea mkono, inamuunguza. Baadaye tunajua kwamba mzee huyo mwenye busara ndiye aliyekuwa akitoa imla ya barua nyingi.

Barua hizo zilitokea kweli?

Zilitokea Tulle, mji wa kati-kusini mwa Ufaransa, kati ya mwaka 1917 na 1922. Mtaalamu wa uchunguzi wa jinai Edmond Locard kutoka Lyon aliwakalisha washukiwa na kuwasomea imla kwa muda mrefu hadi mwandiko wa mmoja ukajisaliti. Imla hiyo imo ndani ya filamu. Skripti ilianza kuandikwa na Louis Chavance kabla ya vita, jambo ambalo watu husahau. Lakini ilipotoka mwaka 1943, Ujerumani ilikuwa imeikalia Ufaransa, na raia walikuwa wakiandika barua za kuchongeana: huyu ni Myahudi, yule anaficha silaha, mwingine anasikiliza redio ya London. Hapakuwa na mtu ukumbini aliyedhani anatazama habari za Tulle.

Kama ilikuwa ikiwasuta wachongezi, kwa nini ilipigwa marufuku baada ya ukombozi?

Hapa ndipo unafiki unapotoka kwenye pazia na kuketi ukumbini. Filamu ilitengenezwa na Continental, kampuni ya pesa za Kijerumani iliyoanzishwa Paris mwaka 1940 chini ya Alfred Greven. Hata hivyo, wakati wa vita watu wa Vichy, serikali ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na Kanisa waliichukia kwa kuwa inachafua familia na mji wa Kifaransa. Vita vilipokwisha, waliopigana na Wajerumani nao waliichukia kwa hoja ileile hasa, kwamba inawaonyesha Wafaransa kuwa watu wachafu. Pande mbili zilizokuwa zikiuana zilikubaliana juu ya jambo moja: kioo hiki kivunjwe. Clouzot alikatazwa kazi maisha, kisha adhabu ikapunguzwa na akarudi mwaka 1947. Jean-Paul Sartre na Jean Cocteau walikuwa miongoni mwa waliomtetea.

Lawama juu ya Continental haikuwa ya bure. Mtu aliyekula mshahara wa Wajerumani wakati wenzake wako kambini au msituni alistahili kuulizwa maswali. Ila aliulizwa maswali kuhusu filamu, ambayo ilikuwa kitu safi kuliko vyote alivyokuwa navyo mkononi.

Je, filamu hizi ziko upande wa maskini?

Baadhi. Le Crime de Monsieur Lange ya Renoir, iliyotoka Januari 1936, miezi michache kabla ya serikali ya muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, iko upande huo waziwazi. Batala, mwenye kiwanda cha uchapaji, anawaibia wanaomdai na kuwachezea wasichana wa kazi, kisha anatoroka na kudhaniwa amekufa katika ajali ya treni. Wafanyakazi wanageuza kiwanda kuwa ushirika na mambo yanawanyookea. Ndipo Batala anarudi kuchukua chake, akiwa amevaa joho la padri aliyekufa katika ajali ile. Mwizi ndani ya kanzu ya padri: Renoir hakutaka mtu akose kuelewa. Lange, mmoja wa wafanyakazi hao, anampiga risasi, na watu wa kawaida kwenye nyumba ya wageni mpakani, baada ya kusikia kisa chote, wanaamua kumwacha avuke.

Lakini usidhani walalahoi wanasamehewa kila mara. Katika Panique ya Julien Duvivier (1946), kutoka kwenye riwaya ya Georges Simenon, wanaoua ni mchinjaji nyama, mwenye duka, mama wa mtaa, watu wale wale ambao Renoir angewakumbatia. Bwana Hire anaishi peke yake, hasalimii vizuri, ana jina la ukoo lenye asili ya Kiyahudi, anapiga picha watu. Mwanamke anauawa mtaani, na mtaa unaamua. Muuaji halisi anauweka mkoba wa marehemu chumbani kwa Hire kwa msaada wa msichana ambaye Hire anampenda. Kuna onyesho kwenye tamasha la michezo ambapo Hire amepanda vigari vya kugongana, na polepole kila mtu anaelekeza kigari chake kwake, wakicheka. Hakuna sheria inayokataza kumgonga mtu katika mchezo wa kugongana. Mwisho umati unamfukuza hadi juu ya paa, anaanguka, anakufa, na mfukoni mwake inakutwa picha inayomwonyesha muuaji wa kweli akitenda. Duvivier alikuwa Marekani miaka ya vita. Alirudi na kuwatengenezea wenzake filamu hiyo, na wenzake hawakumshukuru.

Polisi wanaonyeshwaje?

Wamechoka. Inspekta Antoine katika Quai des Orfèvres ya Clouzot (1947), aliyeigizwa na Louis Jouvet, ana koti lililochakaa, mshahara mdogo, na mtoto anayemlea peke yake. Anayeuawa ni mzee tajiri anayewaita wasichana kupigwa picha za utupu, mtu ambaye kifo chake hakimhuzunishi yeyote, lakini Antoine lazima awasumbue watu wadogo wa jukwaani kwa ajili yake. Anawasumbua kweli, bila huruma, na mmoja wao, mume asiye na hatia, anafika kujikata mishipa kwenye mahabusu. Hata hivyo ndani ya ofisi ile chafu kuna onyesho la upole kuliko yote: Antoine anamwambia Dora, mpiga picha ambaye kwa siri anampenda mwanamke mwenzake, kwamba wao wawili wanafanana, maana wote hawatakuwa na bahati na wanawake. Mwaka 1947, bila kejeli wala mahubiri.

Kisha wako wengine. Katika Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville (1967), kamishna anamfuata msichana nyumbani kwake na kumtisha kwamba maisha yake ya kimapenzi yanaweza kumletea matatizo na polisi wa maadili, iwapo hatabadilisha ushahidi wake. Maadili yamegeuka kuwa silaha ya kutolea maneno kinywani mwa mtu.

Mbaya zaidi ni Max, katika Max et les ferrailleurs ya Claude Sautet (1971). Max ni tajiri kwa kuzaliwa, alikuwa jaji mchunguzi, akajiuzulu na kuingia polisi kwa hasira ya kuona wahalifu wakiachiwa kwa kukosa ushahidi. Anataka kumkamata mtu akiwa katikati ya tendo. Kwa vile hapati tendo, analitengeneza. Anakutana na rafiki wa zamani wa jeshini ambaye sasa na wenzake wanaishi Nanterre, kitongoji cha Paris, kwa wizi mdogo wa vyuma chakavu, na kupitia kwa Lily, mpenzi wa huyo rafiki anayejiuza, anawapandikiza wazo la kuvunja benki. Anajifanya meneja wa benki, anamlipa Lily na hata hamgusi. Usafi wake huo ndio unaotisha. Vibaka wa vyuma chakavu wanageuka majambazi kwa sababu polisi mwadilifu aliwahitaji wawe majambazi.

Na majambazi wenyewe? Si wanasemwa wana heshima yao?

Wao husema hivyo. Filamu za miaka ya 1950 ziliupenda sana mfano wa jambazi mzee, mwenye suti nzuri, asiyemsaliti rafiki. Katika Touchez pas au grisbi ya Jacques Becker (1954), Max mwingine, aliyeigizwa na Jean Gabin, anamkaribisha rafiki yake kwenye nyumba ya siri, wanakula mkate na pâté, anampa pajama na mswaki. Ni onyesho zuri mno, na unasahau kwamba wanazungumzia dhahabu ya wizi. Unasahau pia kwamba Max huyo huyo anawazaba vibao wanawake kila anapotaka jibu la haraka.

Du rififi chez les hommes ya Jules Dassin (1955) haikuachi usahau. Wengi wanaikumbuka kwa wizi wa duka la vito, karibu nusu saa bila neno wala muziki. Lakini tazama mwanzo: Tony anatoka jela, anamwita mpenzi wake wa zamani, anamvua vito na nguo na kumchapa mkanda. Huyo ndiye "mtu wa heshima" wetu. Kisha mwenzao César anabanwa na kutaja jina, na Tony anampiga risasi huku akimwambia kwamba anampenda, ila kanuni ni kanuni. César aliigizwa na Dassin mwenyewe, mtu aliyefukuzwa Hollywood baada ya wenzake kumtaja kuwa mkomunisti. Uchungu ule si wa kuigiza.

Na mtoto wa mmoja wa majambazi anapotekwa, mama yake anamwambia mumewe neno ambalo filamu nyingi za aina hii hazithubutu kulisema: wako mamilioni waliokua katika umaskini kama wewe na hawakuwa majambazi, na pengine wao ndio wanaume.

Kwa nini stelingi hufa?

Marekani, tangu mwaka 1934, kanuni za studio zilitaka mhalifu aadhibiwe. Ufaransa haikuwa na kanuni ya namna hiyo, lakini stelingi anakufa vilevile. Gabin alikufa mara nyingi sana mbele ya kamera kabla ya vita. Tofauti ni kwamba kifo chake hakileti haki yoyote. Mtu mmoja amelipa, na waliomfikisha pale wanarudi nyumbani kula.

Filamu hizi zinawaonea wanawake?

Mara nyingi, ndiyo. Hakuna haja ya kuzitetea kwa kusema "ndivyo zama zilivyokuwa". Mwanamke wa sinema hii ni mtego, zawadi au mama. Ndiyo maana La Vérité ya Clouzot (1960) ni ya pekee, japokuwa imetoka kwa mtu ambaye naye alisifika kwa ukali dhidi ya waigizaji wake.

Brigitte Bardot, ambaye wakati huo magazeti ya Ufaransa yalikuwa yakimla mzima mzima, anaigiza Dominique, msichana aliyempiga risasi mpenzi wake Gilbert. Kuua hakukani. Kinachobishaniwa ni kama alipanga au alipandwa na hasira, na ili kulijua hilo mahakama nzima ya wanaume wazee inauliza analala na nani, anaamka saa ngapi, anavaaje, kwa nini hakulia kwenye mazishi ya fulani. Gilbert alikuwa mchumba wa dada mpole wa Dominique, kijana wa muziki wa maana, basi anahesabiwa msafi. Kwamba aliwachezea dada wote wawili halimgusi. Dominique anapopiga kelele kwamba wale wote wamekwisha kufa ndani, hakuna anayemwandika. Usiku anajikata mishipa seli. Kesi inafungwa, na mawakili wawili waliokuwa wakirushiana maneno ya moto siku nzima wanakusanya mafaili na kuongea kama wafanyakazi wenza ambao wana kesi nyingine wiki ijayo.

Waarabu na watu weusi wako wapi?

Swali hili ndilo linalozibana filamu zenyewe, maana zilikuwa hodari wa kufichua unafiki wa meya na daktari huku zikifunika kombe kubwa zaidi, la makoloni.

Pépé le Moko ya Duvivier (1937) inatokea Casbah, mtaa wa kale wa Algiers, ingawa sehemu kubwa ya Casbah hiyo ilijengwa studio Joinville karibu na Paris. Mwanzoni afisa wa polisi anawataja wakazi wake mmoja mmoja: Wakabyle, Wachina, Waslavu, Wamalta, Wasicilia na wengineo. Waarabu hawatajwi. Uko katikati ya Algiers na Waarabu hawamo kwenye orodha! Inspekta mwenyeji Slimane aliigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Romania. Mji mzima wa watu umekuwa pambo la huzuni ya Mfaransa mmoja anayeikumbuka Paris.

Baadaye dalili zinajitokeza pembeni. Mtoto anayelelewa na Inspekta Antoine ni chotara aliyerudi naye kutoka makoloni, na filamu inampa upendo bila kumweleza. Dassin alipopewa riwaya ya Auguste Le Breton alikuta maadui ni Waafrika Kaskazini. Vita vya Algeria vilikuwa vimeanza mwaka 1954, akawabadilisha wakawa watu wa Ulaya. Katika Ascenseur pour l'échafaud ya Louis Malle (1958), muuaji ni askari wa zamani wa Indochina na Algeria, na anayeuawa ni bosi wake, mfanyabiashara aliyetajirika kwa silaha. Hapo vita vya makoloni vinaingia ofisini Paris kwa mlango wa nyuma. Na katika Le Samouraï mtu pekee anayejua kila kitu ni mpiga kinanda mweusi, Cathy Rosier, mzaliwa wa visiwa vya Karibi vya Ufaransa. Anamwona muuaji uso kwa uso, anawaambia polisi si yeye, na filamu haimpi hata nafasi ya kueleza kwa nini.

Kufumua kombe kulingoja Dupont Lajoie ya Yves Boisset (1975). Lajoie ni mwenye baa wa Paris, mume mwema, anayekwenda kambi ileile ya likizo kila mwaka. Anambaka na kumuua binti wa rafiki yake, kisha anauburuta mwili hadi karibu na mabanda ya vibarua wa Algeria wanaojenga jirani. Hahitaji kusema uongo mwingi, wenzake wanaumalizia. Usiku wanakwenda kuvamia mabanda, na Mwalgeria mmoja anapigwa hadi kufa. Inspekta anaubaini ukweli, na wakubwa wanamweleza kwa adabu kwamba nchi haihitaji kelele, na kwamba kuna cheo kinamsubiri. Filamu haina ufundi wa Clouzot. Inapiga kelele pale ambapo ingenong'ona. Lakini baada ya miaka 40 ya kunong'ona, ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin, na iliistahili.

Vipi kuhusu adhabu ya kifo?

André Cayatte, aliyekuwa wakili kabla ya kuwa mwongozaji, aliifanya kazi ya maisha. Katika Nous sommes tous des assassins (1952), kijana wa vitongoji duni anafundishwa kuua wakati wa vita, anasifiwa, kisha amani inakuja na hakuna aliyemwambia aishie hapo. Dola iliyompa bunduki ndiyo inayomweka kwenye foleni ya gilotini. Ufaransa iliifuta adhabu hiyo mwaka 1981.

Mwisho wa Les Diaboliques ni upi?

Filamu ya Clouzot ya mwaka 1955 inafungwa na maandishi yanayomsihi mtazamaji asiwaharibie rafiki zake. Tunaheshimu. Ila itazame vizuri shule yenyewe: mwalimu mkuu anayewalisha watoto samaki waliooza na kumzuia mkewe kutema. Hilo si siri.

Nianze wapi, na je, nisipojua Kifaransa?

Anza na Le Corbeau, kisha Panique, uone mji mmoja kabla ya ukombozi na mtaa mmoja baada yake. Halafu ruka hadi La Femme infidèle. Filamu za majambazi ziache baadaye, zina misimu mingi ya mitaa ya Paris ambayo hata msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesomea Kifaransa shuleni atahitaji kuisikiliza mara mbili. Nyingi zimesafishwa upya na hupatikana zikiwa na tafsiri ya maandishi chini ya picha, kwa kawaida ya Kiingereza. Du rififi chez les hommes inaweza kutazamwa na asiyejua lugha yoyote kati ya hizo, walau ile nusu saa ya kwenye duka la vito.